Kuwapeleka Watoto Wadogo Kutazama Tamthilia ya Nyimbo Nairobi: Mwongozo kwa Wazazi wa Lamu na Malindi

Mtoto aliyekulia Lamu hafiki umri wa kuanza shule kabla hajaona maonyesho mengi. Wakati wa Maulidi huliona zefe likipita kando ya bahari, hupenya katikati ya watu wazima ili atazame kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, na kwenye harusi husikiliza vugo, ngoma ya kina mama, mpaka usingizi umchukue mapajani mwa nyanyake. Katika shughuli zote hizo hakuna anayemwambia abaki kwenye kiti kimoja. Huingia na kutoka apendavyo, huzungumza, hula, huwaiga wachezaji, na akichoka nyumbani ni hatua chache tu. Tamthilia ya nyimbo katika ukumbi wa Nairobi humtaka afanye kinyume cha hayo yote: akae gizani kwa saa mbili au zaidi, katikati ya watu asiowajua, akitazama upande mmoja. Mzazi anayeielewa tofauti hiyo ataona kwamba kazi kubwa ya kumtayarisha mtoto hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari, wala si mlangoni mwa ukumbi.

Tuanze na umri. Maoni yangu ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka minne aachwe na bibi yake, hata kama wakubwa wake wanakwenda na hata kama atalia jetini. Kuna watoto wa miaka mitatu walio watulivu ajabu, lakini mzazi hukata tiketi wiki nyingi kabla, na hana njia ya kujua mwanawe ataamka na hali gani siku hiyo. Wa miaka minne na mitano anaweza kwenda ikiwa tamthilia imetungwa kwa ajili ya watoto na haizidi saa moja na nusu. Kuanzia miaka sita, mtoto aliyetayarishwa vizuri anaweza kustahimili tamthilia ndefu yenye mapumziko katikati.

Baada ya umri huja uchaguzi wa tamthilia yenyewe, na hapa wazazi wengi hufuata tangazo bila kuuliza. Tangazo husifu nyimbo, mavazi na wachezaji. Halisemi kilichomo ndani ya hadithi. Chukua mfano wa Sarafina, tamthilia ya Afrika Kusini ambayo imewahi kuonyeshwa Nairobi. Nyimbo zake mtoto wa miaka mitano atazipenda papo hapo, lakini hadithi inahusu wanafunzi wa Soweto na maasi ya mwaka 1976, ambapo polisi waliwapiga watoto risasi. Ni kazi nzuri kwa kijana wa miaka kumi na mitatu, na ni mzigo mzito kwa mdogo wake. Kwa hiyo wapigie simu waandalizi, au uwaandikie ujumbe, uwaulize mambo machache ya wazi: tamthilia huchukua muda gani, ina mapumziko au haina, kuna milio ya bunduki au mtu anayekufa jukwaani, wanatumia taa za kumetameta au moshi, na lugha inayotumika ni ipi. Swali la taa usilidharau ikiwa mtoto ana kifafa, na la moshi usilisahau ikiwa ana pumu, kwa maana moshi wa jukwaani hushuka na kuenea kwenye safu za mbele. Waandalizi wanaoijua kazi yao watakujibu bila kuona uzito. Asiyeweza kukwambia onyesho lake linakwisha saa ngapi, mimi singempelekea mtoto.

Kuhusu mahali, ukumbi unaotajwa zaidi ni Kenya National Theatre, ulio Harry Thuku Road, mkabala na hoteli ya Norfolk na karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulifunguliwa mwaka 1952, na mwaka 2015 ulifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa. Kwa mgeni wa Pwani una faida moja kubwa, nayo ni kuwa uko katikati ya mji: ukipanga nyumba ya wageni karibu na Msikiti wa Jamia, umbali uliobaki ni mfupi, na vyakula vya halali viko jirani. Maonyesho mengine hufanyika katika kumbi za shule na vituo vya utamaduni vilivyo mbali zaidi, kama Westlands au barabara ya Gitanga, na huko ni lazima uhesabu foleni ya magari, ambayo jioni ya Ijumaa inaweza kukuchelewesha hadi ukakosa nusu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye matayarisho ya nyumbani, ambayo ndiyo yanayostahili muda wako mwingi. Tamthilia nyingi za Nairobi huimbwa kwa Kiingereza, mara nyingine kikichanganywa na Sheng. Mtoto wa darasa la kwanza anayezungumza Kiamu, lahaja ya Lamu, nyumbani hatayafuata maneno ya Kiingereza yanayoimbwa kwa kasi huku ngoma zikipigwa. Na kusema kweli, hata watu wazima huyakosa mengi. Atakachokifuata ni hadithi, ikiwa anaijua. Basi msimulie hadithi hiyo kwa lugha ya nyumbani, usiku baada ya usiku, kama unavyomsimulia ngano za Sungura. Mwambie nani ni nani, nani anamtaka nani, nani mwovu na kwa nini, na usimfiche mwisho. Mtu mzima hukasirika akiharibiwa mwisho wa hadithi, ila mtoto mdogo ni kinyume chake: akijua kwamba yule aliyepotea atarudi, atakaa kimya akimsubiri arudi, na asipojua ataanza kulia pale anapopotea. Baada ya siku chache mwambie yeye ndiye akusimulie. Pale anapokwama ndipo patakapomchanganya ukumbini, na una nafasi ya kumfafanulia mapema badala ya kumnong'oneza gizani.

Ikiwa nyimbo za tamthilia hiyo zinapatikana kwenye simu, chagua mbili au tatu tu, azisikie anapooga au mnapokunja nguo, mpaka aweze kuziimba hata kwa maneno ya kubuni. Usimchezee zote. Wimbo anaoutambua ukimfikia katikati ya onyesho humwamsha upya, lakini akiwa amezizoea zote atakuwa amekwisha kuzichoka kabla ya kupanda chombo. Vilevile nakushauri usimwonyeshe video ya tamthilia nzima, kwa sababu atalinganisha kila kitu na alichokiona, na atauliza kwa sauti kwa nini nguo ya malkia ina rangi nyingine.

Mfundishe pia giza la ukumbini. Watoto wetu wamezoea stima kupotea, na kwa hiyo giza lenyewe haliwatishi sana. Kinachowatisha ni giza linalokuja kwa makusudi, pamoja na mamia ya watu kunyamaza kwa ghafla, kisha sauti kubwa kutokea mahali wasipopaona. Fanyeni mchezo nyumbani: watoto wakae kwenye mkeka wakielekea ukuta mmoja, wewe utangaze kuwa onyesho linaanza, uzime taa, uhesabu polepole mpaka kumi, kisha umulike tochi ukutani na mmoja wao aingie kwenye mwanga na kuimba. Wengine wapige makofi akimaliza, si kabla. Zamu ikizunguka mara kadhaa watakuwa wameelewa mambo matatu kwa pamoja: kwamba giza ni ishara ya mwanzo, kwamba aliye kwenye mwanga ndiye anayesikilizwa, na kwamba makofi yana wakati wake. Kukiwa na onyesho la shule ndani ya Ngome ya Lamu, au mashindano ya drama ya kaunti ambapo wanafunzi hukariri ngonjera na kucheza dansi bunifu, wapeleke huko pia, na uwape sharti moja tu la kubaki walipokaa mpaka kipande kimoja kiishe.

Katika tiketi sina mengi. Nyingi huuzwa mtandaoni na kulipiwa kwa M-Pesa, na anayenunua mapema huwa na nafuu ya bei kuliko anayelipa mlangoni. Hakikisha unanunua kutoka kwenye anwani iliyotangazwa na waandalizi wenyewe, uhifadhi picha ya tiketi kwenye simu mbili, na uulize kama mtoto anayekaa kwenye kiti chake ana bei ya mtoto. Ukiweza kuchagua kiti, chagua safu za katikati, pembeni mwa njia ya kupitia. Safu ya mbele huwavutia wazazi, lakini huko mtoto hutazama juu muda wote, vipaza sauti viko karibu na masikio yake, na ukilazimika kutoka naye ukumbi mzima utakuona. Viti vya mwisho navyo humfanya atazame migongo ya watu.

Kuna jambo moja kuhusu viti ambalo halisemwi. Kumbi nyingi zina viti ambavyo kikalio chake hujikunja chenyewe mtu anapoinuka. Mtoto wa kilo kumi na tano hana uzito wa kutosha kukizuia. Akiegemea nyuma kidogo tu, kikalio huinuka, magoti yake hupanda hadi kidevuni, na hubaki amebanwa humo akiwa hajui acheke au alie. Dawa yake ni kumketisha mbele kabisa ya kikalio na kuweka mkoba au koti lililokunjwa nyuma ya mgongo wake. Leso mbili zilizokunjwa vizuri na kuwekwa chini yake humwinua pia, na hiyo inatosha kumwezesha kuona juu ya bega la aliye mbele yake.

Safari yenyewe ndiyo inayowashinda wengi. Kutoka Lamu, njia ya haraka ni kuvuka kwa boti hadi Manda na kupanda ndege, ambayo hufika Nairobi kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Njia ya gharama nafuu ni kuvuka hadi Mokowe, kupanda basi la asubuhi linalopitia Garsen na Malindi hadi Mombasa, na huko kuchukua treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu mwaka 2017. Basi hilo humaliza siku karibu nzima, kwa hiyo lala Mombasa. Anayetoka Malindi ana kilomita kama 120 tu hadi Mombasa, ila akumbuke kuwa kituo cha treni kiko Miritini, upande wa pili wa mji, na msongamano wa kuanzia Nyali unaweza kula saa nzima. Chukua treni ya asubuhi au ya mchana. Ya usiku hufika kabla ya alfajiri, na mtoto aliyeshushwa usingizini Syokimau, kituo cha Nairobi, katika baridi ya saa hizo hatakuwa na furaha ya kitu chochote siku hiyo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkononi, si chini ya sanduku.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: siku ya safari isiwe siku ya onyesho. Ufike Nairobi angalau siku moja kabla, na siku ya onyesho isiwe na jambo jingine kubwa. Najua gharama ya kulala, na najua kishawishi cha kuwapitisha watoto kwa twiga asubuhi, kwa ami yao Eastleigh mchana, na ukumbini alasiri, kwa kuwa safari ni ya nadra. Lakini mtoto aliyezunguka mji tangu asubuhi hulala wimbo wa pili, na umelipa tiketi ya kitanda. Kwa twiga waende kesho yake.

Baridi nayo si ya kupuuzwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na likizo ya Agosti huangukia msimu wake wa baridi, wakati ambapo mtoto wa Lamu aliyezoea kutembea na kanzu nyepesi atatetemeka ifikapo saa kumi na mbili jioni. Mvishe sweta juu ya nguo ambayo anaweza kubaki nayo ukumbini, kwa maana ndani kunaweza kuwa na joto watu wakijaa, na viatu viwe vile alivyokwisha kuvizoea.

Mwishoni mwa wiki huenda kukawa na onyesho la alasiri na la jioni. Chagua la alasiri bila kusita. Mtoto bado ana nguvu, mnarudi nyumba ya wageni mapema, na suala la sala huwa jepesi: kwa onyesho linaloanza saa 9 na kwisha kabla ya saa 12, msafiri aliyekusanya adhuhuri na alasiri ataingia akiwa na moyo mtulivu na kuiwahi magharibi. Onyesho la saa 12 na nusu jioni hukutana na magharibi pale pale, na mzazi atakuwa akitazama saa badala ya jukwaa.

Mchana huo wape chakula wanachokijua na si kingi, wali na samaki au mkate kwa mchuzi, kisha walale hata kwa nusu saa. Soda ziachwe mpaka baadaye. Fikeni ukumbini nusu saa au dakika arobaini kabla, ili mtoto auone ukumbi ukiwa na taa zinazowaka. Mwonyeshe pazia, mwonyeshe taa zilizoning'inia juu, mwonyeshe mlango wa kutokea, na mpeleke chooni hata akisema hataki. Nusu ya kwanza ya tamthilia za nyimbo huwa ndefu kuliko ya pili, mara nyingi zaidi ya saa moja, na anayesema hataki dakika kumi kabla ya kuanza ndiye atakayetaka dakika kumi baada ya kuanza. Mbebee mtoto vitu viwili vitatu visivyo na kelele: maji, tende au vipande vya mahamri, na kitambaa cha kufutia mikono. Karatasi za peremende hulia sana gizani. Kwa mwenye masikio mepesi, vifunika masikio vya watoto ni ununuzi wa busara.

Taa zikizimika, mshike mkono na usiseme kitu. Mara nyingi muziki huanza kwanza kabla ya mtu yeyote kutokea, na hizo ndizo dakika ngumu kuliko zote. Akizipita salama, wachezaji watamchukua wenyewe. Akiuliza swali, jibu kwa maneno mawili sikioni mwake. Akicheka au akishangilia, mwache, kwa sababu hadhira ya Nairobi hushangilia pia, tena kwa sauti kuliko yeye. Kusimama juu ya kiti au kuupiga teke mgongo wa aliye mbele ndiyo mambo ya kuyakomesha mara moja. Akianza kulia, usisubiri kuona kama atanyamaza: mchukue mtoke, mkasimame ukumbi wa nje, anywe maji, na umwache yeye aseme kama anataka kurudi. Wengi hurudi. Asipotaka, kaeni nje, na mwenzako abaki ndani na wengine; ndiyo maana si busara mzazi mmoja kwenda peke yake na watoto watatu. Na simu yako izime. Kurekodi hukatazwa karibu katika kila ukumbi, na mzazi anayemfundisha mwanawe adabu huku kioo cha simu kinamulika uso wake hana hoja.

Mapumziko ni ya dakika kumi na tano au ishirini, na foleni ya choo hujaa mara moja, kwa hiyo inukeni taa zinapowaka tu. Waacheni watoto watembee na kuruka uani. Muulize mtoto nini kitatokea sasa, naye atakukumbusha hadithi uliyomsimulia. Akiwa amechoka kweli, amepauka na anasugua macho, hakuna aibu kuondoka wakati huo. Nusu ya tamthilia aliyoifurahia ni bora kuliko nzima aliyoivumilia, na pesa zilizokwisha kulipwa hazirudi kwa kumlazimisha.

Wachezaji wakitoka mwishoni kuinama mbele ya watazamaji, mwonyeshe yule mwovu akitabasamu na kushikana mikono na aliyemdhulumu. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo lina maana kubwa, na linaweza kumwokoa na ndoto mbaya. Baadhi ya wachezaji hutoka nje kuwasalimia watu. Mwache mtoto asogee kwa hiari yake, asisukumwe mbele kwa ajili ya picha. Teksi iitishwe mkiwa bado ndani ya ua, na msisubiri barabarani.

Kwa wenye jamaa London au New York wanaofikiria kuwapeleka watoto huko, mambo ni yale yale isipokuwa masharti ni makali zaidi. Tamthilia maarufu ya simba, The Lion King, inayoonyeshwa katika ukumbi wa Lyceum, London, tangu mwaka 1999 huchukua saa mbili na nusu, haiwaruhusu kabisa watoto wa chini ya miaka mitatu, na kila mtoto ni lazima awe na tiketi yake. Uliza kama kuna maonyesho yaliyolegezwa masharti, ambayo Broadway iliyaanza mwaka 2011 kwa ajili ya familia zenye watoto wenye usonji: sauti hupunguzwa, taa za ukumbini hupunguzwa tu bila kuzimwa, na mtoto huruhusiwa kuinuka, kusema na kutoka apendavyo. Tiketi zake huisha haraka, kwa hiyo mwambie huyo jamaa aulize kabla wewe hujakata ya ndege.